Joto Lililomo Ndani ya Gorogoro

Ukipata nafasi ya kufika soko la Ishiara, katika nchi ya Wambeere iliyo chini ya vilima vya Embu, simama kidogo mbele ya mama auzaye ndengu. Utaona kwamba hana mizani. Ana mkebe wa bati uitwao gorogoro, uchukuao kadiri ya kilo mbili. Huujaza mpaka ndengu zikasimama juu ya ukingo kama kichuguu, huzimimina katika mfuko wako, na kama mmeelewana vema huongeza konzi moja ya hisani. Kila mtu sokoni hukijua kipimo kile. Ole wake muuzaji aliyebonyeza kitako cha mkebe wake ili uchukue kidogo, maana sifa yake itamtangulia soko lijalo.

Lakini pamoja na zile ndengu umenunua kitu cha pili, ambacho hakionekani wala hakina mkebe wake. Umenunua joto. Joto hilo ndilo litakalouweka mwili wako na uvuguvugu wake usiku wa baridi, na ndilo litakalogeuka kuwa nguvu za mkono ushikao jembe na za mguu upandao mlima. Nataka tufuatane, msomaji wangu, tuone jinsi binadamu walivyojifunza kukipima kitu hicho, na jinsi vipimo vyao vilivyosafiri hata vikafika Embu na kupima chakula cha watoto wa shule. Habari hii ina mafanikio makubwa ndani yake, na ina kosa moja ambalo watu wenye akili nyingi walilirudia mara kwa mara.

Kwanza hatuna budi kutenga mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. Jua la adhuhuri Ishiara ni kali, na kipimajoto kikitundikwa kivulini kitakuonyesha ukali huo kwa nyuzi. Lakini ukali wa joto si wingi wa joto. Chota kijiko kimoja cha maji yanayotokota, kisha tazama sufuria kubwa iliyojaa maji ya vuguvugu. Maji ya kijiko yana ukali zaidi, na yakikumwagikia utaruka. Hata hivyo ukitaka kumwogesha mtoto mchanga, joto la kijiko halitakufaa kitu. Wingi wa joto umo ndani ya sufuria. Aliyelieleza jambo hili waziwazi kwa majaribio ni Joseph Black, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Glasgow, katika miaka ya 1760. Kabla yake vipimajoto vilikuwapo, lakini watu wengi walidhani kwamba kujua nyuzi ni kujua joto lote.

Basi, wingi wa joto utapimwaje? Huwezi kulitia katika mkebe. Njia iliyopatikana ni ile ambayo mkulima huitumia kujua nguvu za ng'ombe: hawezi kuziona nguvu zenyewe, lakini huweza kuona eneo lililolimwa. Joto nalo hupimwa kwa kazi liliyoifanya. Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783, huko Paris, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walitengeneza chombo chenye kuta zilizojazwa barafu, wakatia ndani yake simbilisi, mnyama mdogo wa kufugwa afananaye na panya asiye na mkia. Joto la mwili wake likaiyeyusha barafu, nao wakayapima maji yaliyotiririka. Kisha wakayalinganisha na maji yaliyopatikana walipochoma makaa katika chombo kile kile, huku wakichunguza hewa iliyotumiwa na mnyama na ile iliyotumiwa na makaa. Wakaona kwamba kupumua ni namna ya kuungua polepole. Chakula ndicho kuni, na mwili ni jiko. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 1794, Lavoisier alikatwa kichwa katika mapinduzi ya Ufaransa, si kwa ajili ya barafu wala simbilisi, bali kwa kuwa alikuwa mmoja wa watoza ushuru wa mfalme.

Lavoisier aliamini kwamba joto ni kitu, aina ya maji mepesi yasiyo na uzito yapitayo kutoka mwili wa moto kwenda mwili wa baridi, akakiita kaloriki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya joto. Imani ile ilikosea, lakini jina likabaki. Mfaransa mwingine, Nicolas Clément, alipokuwa akifundisha mafundi wa mitambo ya mvuke huko Paris kati ya mwaka 1819 na 1824, alihitaji kipimo cha kuhesabia, akakiita kalori: yaani wingi wa joto utoshao kuzidisha kilo moja ya maji kwa uzi mmoja. Angalia vema neno kilo. Baadaye wataalamu wengine wakatumia jina lile lile kwa gramu moja ya maji. Hivyo pakawa na kalori mbili, moja kubwa mara 1,000 kuliko nyingine, zenye jina moja. Wengine wakajaribu kuzitenga kwa kuandika ile kubwa kwa herufi kubwa, hila ambayo haimsaidii mtu anayesikiliza tu bila kusoma. Ukimsikia mtu akisema kwamba kijana huhitaji kalori 2,500 kwa siku, anasema juu ya ile kubwa, ambayo jina lake sahihi ni kilokalori. Nami katika kurasa hizi nitatumia kilokalori, nisije nikaongeza machafuko.

Waingereza nao, ambao hawakupenda kilo wala nyuzi za Selsiasi, walikuwa na kipimo chao: joto la kuzidisha ratili moja ya maji kwa uzi mmoja wa Farenhaiti. Kipimo hiki kinakaribia kilokalori robo moja. Utakikuta hata leo katika maduka yauzayo mashine za kupoza hewa, kimeandikwa BTU, wala wauzaji wengi hawajui kwamba wanataja ratili za maji.

Sasa tuiache Ulaya kidogo, twende katika bahari ya joto. Mwaka 1840 meli ya Waholanzi ilitia nanga Surabaya, katika kisiwa cha Java, ikiwa na daktari kijana wa Kijerumani aitwaye Julius Robert Mayer. Desturi ya siku zile ilikuwa kuwatoa wagonjwa damu, na Mayer alipomchanja baharia mmoja katika mshipa wa kurudisha damu moyoni alishtuka, maana damu ile, ambayo kwao Ujerumani huwa nyeusi-nyeusi, ilikuwa nyekundu sana. Alidhani amekata mshipa usiostahili. Alipotafakari alijiambia hivi: katika nchi ya joto mwili hauhitaji kuchoma chakula kingi ili ujipashe moto, kwa hiyo hutumia oksijeni kidogo, na damu hurudi ikiwa bado nyekundu. Hoja hiyo ya damu haikuwa kamili, lakini ilimfikisha mahali pakubwa. Kama chakula hutoa joto, na chakula hicho hicho hutoa nguvu za kazi, basi joto na kazi ni kitu kimoja kilichovaa nguo mbili. Hakipotei, hubadilika tu. Aliyaandika hayo mwaka 1842, na ni wachache mno waliomsikiliza. Dharau ile ilimuumiza hata akaugua akili.

Ukaishi Ishiara, utaona mara moja kwa nini jambo hili lilidhihirika katika nchi ya joto. Mtu akaaye juu Runyenjes hujifunika blanketi mwezi wa Julai, na yule wa bonde la chini hulala mlango wazi. Jiko la mwili ni lile lile, ila nyumba ni mbili.

Aliyeyathibitisha mambo haya kwa hesabu ni James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha pombe huko Salford, karibu na Manchester. Hakuwa profesa. Alikuwa na subira na vipimajoto bora kuliko vya watu wengi wa wakati wake. Mwaka 1845 alieleza chombo chake: pipa dogo la maji lenye makasia ndani, na makasia yale yakizungushwa na mawe ya uzito yashukayo kwa kamba. Mawe yalishuka, makasia yakakoroga, maji yakapata joto kidogo sana, sehemu ya uzi mmoja. Alirudia na kurudia, na mwaka 1850 akatoa jibu: uzito wa ratili 772 ukishuka futi moja hutoa joto la kuzidisha ratili moja ya maji kwa uzi mmoja wa Farenhaiti.

Tuyageuze maneno hayo yawe ya kwetu. Kilokalori moja ni sawa na kazi ya kuinua kilo moja mpaka kimo cha mita 427. Chukua kilo moja ya ndengu kutoka Ishiara, uipandishe njia ya Runyenjes mpaka uwe umeongeza kimo hicho. Kazi iliyofanywa juu ya zile ndengu ni kilokalori moja tu! Nazo zenyewe zimebeba takriban 3,500. Ndiyo kusema kwamba mkoba wako una nguvu ya kutosha kujipandisha mlima mara elfu nyingi. Bila shaka wewe utatumia nguvu nyingi zaidi ya kilokalori moja, kwa kuwa unaubeba mwili wako pia, na tena mwili wa binadamu hugeuza kuwa kazi yapata robo tu ya nguvu izitumiazo, na zilizobaki hutoka kama joto. Ndiyo sababu mpanda mlima hutoka jasho.

Fikiria pia gorogoro lile la sokoni. Kilo mbili za ndengu zina kilokalori karibu 7,000. Ishiara haiko pwani, na kwa sababu ya kimo chake maji huchemka hapo kabla hayajafika nyuzi 100, tuseme kwenye nyuzi 97. Ukiyateka yakiwa na nyuzi 27, yanahitaji kuongezewa 70. Gawanya 7,000 kwa 70, utapata lita 100, yaani mitungi mitano ya lita 20. Gorogoro moja la ndengu, kama lingeteketea lote bila joto kupotea hewani, lingechemsha mitungi mitano ya maji. Likiliwa, litamtosha kijana mmoja wa kiasi chako kwa muda usiotimia siku tatu.

Kwa kuwa joto na kazi ni kitu kimoja, haikufaa tena kuwa na kipimo cha hili na kipimo cha lile. Jina la Joule likapewa kipimo kimoja cha nguvu zote, na mwaka 1948 mkutano mkuu wa mataifa juu ya vipimo ukaamua kwamba jouli ndiyo iwe kipimo cha joto pia. Kilokalori moja ni kilojouli 4.184. Tazama nyuma ya pakiti ya biskuti, utaona mara nyingi vyote viwili vimeandikwa. Uamuzi ulifanywa zamani, lakini watu wa chakula hawakuachana na kalori. Zimewaganda ulimini kama vile shilingi na senti.

Hapo ndipo tunapokuta kosa nililolitaja. Mmarekani Wilbur Olin Atwater alikuwa amejifunza Ujerumani jinsi ya kupima chakula kwa moto: unakitia katika chombo cha chuma kigumu kilichojazwa oksijeni, unakizamisha katika maji, unakiwasha kwa umeme, na maji yanayokizunguka hukueleza joto lililotoka. Katika miaka ya 1890, huko Middletown, yeye na Edward Rosa walijenga chumba ambacho mtu mzima aliweza kuishi ndani yake siku kadhaa, akila, akilala, akiendesha baiskeli isiyokwenda popote, huku joto lake lote likipimwa. Kutokana na kazi hiyo tulipata hesabu tunayoitumia mpaka leo: gramu moja ya wanga hutupa kilokalori 4, ya protini 4, na ya mafuta 9. Ni kazi ya kustahiwa. Lakini Atwater aliupenda mno mkebe wake. Aliona kwamba mboga za majani na matunda vina kalori chache kwa bei yake, akawaonya maskini wasipoteze fedha zao humo. Vitamini zilikuwa bado hazijapewa hata jina. Jina lilikuja mwaka 1912, naye alikwisha kufa mwaka 1907. Kipimo chake kilisema kweli juu ya joto, naye akadhani kimesema kweli juu ya chakula.

Kenya iliingia katika habari hizi mapema. Mwaka 1931 ilitolewa ripoti ya John Boyd Orr, mtaalamu wa Uskochi, na John Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya koloni, iliyolinganisha Wamasai na Wakikuyu. Iliandika kwamba mwanamume Mmasai kwa wastani alimzidi Mkikuyu urefu kwa inchi 5 na uzito kwa ratili 23, na sababu ikatajwa kuwa ni chakula: maziwa, nyama na damu upande mmoja, nafaka na viazi upande wa pili. Wanahistoria wa baadaye wameikosoa ripoti ile kwa haki, kwa kuwa iliwatazama watu kana kwamba ni mifugo katika zizi la majaribio, na haikuuliza vya kutosha juu ya ardhi iliyochukuliwa na kazi iliyolazimishwa. Hata hivyo iliona jambo moja: wanawake wa Kikuyu walikula majani mabichi ambayo wanaume waliyadharau, nayo yaliwafaa. Orr baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, na mwaka 1949 akapewa tuzo ya Nobel ya amani.

Sasa turudi Embu. Mwaka 1984 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha California, Los Angeles, walianza kazi katika tarafa ya Kyeni, juu tu ya nchi ya Wambeere. Kazi kama hiyo ilifanywa pia Misri na Meksiko. Waliingia katika nyumba, wakapima kwa mizani kilichotiwa sufuriani na kilichobaki sahanini, wakakihesabu kwa kilokalori. Kumbe mwaka waliouchagua ulikuwa mwaka wa ukame. Mvua za masika zilikosa, ghala zikawa tupu, na mizani ya wachunguzi, iliyokuja kupima ulaji wa kawaida, ikajikuta inapima njaa.

Nani alipungukiwa? Watoto wadogo sana walikingwa: chakula chao hakikupungua kama cha wengine. Waliopunguza ni mama zao na ndugu zao wa shule. Wachunguzi waliwatazama watoto wale wa shule uwanjani na darasani, wakaona kwamba walicheza kidogo kuliko kwanza, na masikio yao hayakumfuata mwalimu. Hebu kumbuka jiko la Lavoisier. Kuni zikipungua, mwili hauzimiki mara moja. Huzima kwanza mchezo, kisha usikivu. Mwalimu asiyejua atasema, "Huyu ni mvivu," na pengine atachukua kiboko. Nimewahi kusikia neno hilo likisemwa juu ya mtoto asiyeonja kitu tangu jana yake, wala sikusema lolote, jambo ninalolijutia.

Katika hatua hii kalori ilikuwa shahidi mwema. Lakini wachunguzi wale waliona tena kwamba katika nyumba zenye kalori za kutosha, bado palikuwa na watoto wafupi na wazito wa kujifunza. Ndipo mwaka 1998 wakarudi, wakiongozwa na Charlotte Neumann na Profesa Nimrod Bwibo, wakafanya jaribio ambalo kila msomaji wa vipimo apaswa kulijua. Walichagua shule 12 za msingi, zenye zaidi ya watoto 500 wa darasa la kwanza walioingizwa katika kazi hiyo. Kundi la kwanza lilipewa bakuli la githeri yenye nyama. La pili lilipewa githeri na maziwa. La tatu lilipewa githeri iliyoongezwa mafuta. La nne halikupewa kitu. Mabakuli matatu yale yalisawazishwa kwa uangalifu: kilokalori 240 kila moja, na baadaye 313. Chombo cha Atwater kisingeweza kuyatofautisha.

Jaribio liliendelea kwa mihula saba. Watoto wa nyama waliongoza katika mtihani wa kutambua mpangilio wa michoro, ambao hauhitaji kujua kusoma. Misuli ya mikono yao iliongezeka kuliko ya wenzao, na uwanjani ndio waliokimbia zaidi na kuwaongoza wengine michezoni. Watoto wa maziwa hawakuwashinda wengine mtihanini, lakini wale wadogo na waliodumaa miongoni mwao walirefuka zaidi. Waliopewa nyama au maziwa walipata vitamini B12, ambayo wengi waliikosa tangu mwanzo. Watoto wa mafuta nao wasidharauliwe, maana katika hesabu waliwapita wale wasiopewa kitu, jambo linaloonyesha kwamba kalori tupu nazo zina kazi yake kwa mtoto mwenye njaa. Ila mabakuli yaliyokuwa sawa kwa joto hayakuwa sawa kwa mwili. Kuna madini ya chuma na ya zinki ndani ya nyama ambayo hayapashi maji moto hata kidogo, kwa hiyo mkebe wa joto hauwezi kuyaona.

Huenda ukauliza, msomaji, kama ilikuwa haki kuwaacha watoto wa kundi la nne bila bakuli, wakitazamwa tu kwa muda wa mihula saba. Swali lako ni jema, na wazazi wa Kyeni bila shaka walijiuliza vivyo hivyo. Bila kundi la kulinganisha, hesabu isingesimama. Wachunguzi walipatana na familia zile tangu mwanzo kwamba kazi itakapokwisha kila moja itapata malipo yake, na malipo hayo hayakuwa magunia ya mahindi wala mitungi ya mafuta, ambayo ingekuwa njia rahisi ya kuwalipa kalori walizozikosa. Kila familia ilipewa mbuzi wa maziwa.